Kwata Humfikisha Wapi Msomi?

Kila yanapotangazwa mafunzo ya maofisa wa jeshi, barza zetu za Pwani hugawanyika mafungu mawili. Wako wasemao kwamba mtoto aliyekwisha pata shahada hana haja ya kwenda kugaagaa matopeni huku akipigiwa kelele na sajini. Na wako wasemao kwamba kwata ndiyo dawa ya vijana wa leo, na kwamba kila atokaye chuo kikuu angepitishwa huko kabla hajakabidhiwa meza na kalamu. Mimi nayasikia maneno haya nikiwa mbali, katika mtaa wa Baba Dogo hapa Nairobi, na naona pande zote mbili zinabishana juu ya kiwanja cha gwaride, ilhali jambo lenyewe liko nje ya kiwanja. La kuuliza ni hili: kijana akishamaliza kupiga kwata, ni mlango gani unaomngojea?

Kwa wale ambao hawajafika Baba Dogo, huu ni mtaa ulio mashariki ya mji, karibu na Ruaraka, baina ya viwanda na vibanda. Alfajiri, watu watokapo msikitini, huwakuta vijana wamekwisha jipanga mbele ya milango ya viwanda wakingoja kibarua cha siku. Miongoni mwao wamo wenye shahada. Si mbali na hapo, upande wa barabara kuu ya Thika, yako makao makuu ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, ile tuliyoizoea kwa herufi tatu za NYS, na pia makao ya kikosi cha GSU. Basi mkazi wa huku huona mambo mawili kila siku: magwanda yakipita ndani ya malori, na shahada zikipita kwa miguu.

Yuko kijana mmoja mtaani, mtoto wa watu wa Pwani, aliyesomea uchumi. Amenijia mara mbili kuniuliza kama ajaribu kuingia ukadeti. Mamake, aliyeko Likoni, hataki kusikia. Anasema hakumsomesha mwanawe kwa kuuza mahamri ili aende akafundishwe kupiga saluti. Baba mdogo wake naye asema kijana akienda, ataondoka kibarua na atakuwa mtu. Kijana yuko katikati, na umri haumngoji. Ni kwa ajili ya kijana huyu na wenzake wengi nimeona niandike.

Kwanza tuyatenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kwata ya kuruta ni kitu kimoja, na mafunzo ya ofisa ni kitu kingine. Kuruta hufundishwa kutii: geuka kulia, geuka kushoto, simama. Ofisa hufundishwa kutii pia, lakini kisha hufundishwa kubeba dhamana ya watu wengine. Luteni mwenye miaka 23 hukabidhiwa platuni ya askari thelathini na zaidi, wengine wakiwa wamemzidi umri na wana watoto. Yeye ndiye ajuaye nani mgonjwa, nani hajala, nani barua yake ya nyumbani imemvunja moyo. Akikosea, wao ndio waumiao. Hilo ndilo linalomfanya mtu awe mtu mwingine. Kuna shule chache za uraiani zinazompa kijana wa umri huo mzigo wa namna hiyo.

Wamarekani waliliona jambo hili zamani. Kwa sheria ya mwaka 1916 waliweka utaratibu wa kufundisha uofisa ndani ya vyuo vikuu vyao. Mwanafunzi husoma somo lake kama wenzake, na siku fulani za juma huvaa sare na kufundishwa uongozi na mambo ya vita. Wengi hulipiwa karo, nao hulipa kwa miaka ya utumishi baada ya kuhitimu. Colin Powell alipita njia hiyo. Alikuwa mtoto wa wahamiaji waliotoka Jamaica, akakulia South Bronx mjini New York, mtaa wa watu wa jasho kama wetu huu. Alisomea jiolojia, na mwenyewe hakuficha kwamba darasani hakuwa mtu wa kutajwa. Alichokipata chuoni kikamfaa ni yale mafunzo ya uofisa. Mwaka 1958 akapata cheo chake cha kwanza cha uofisa. Mwaka 1989 akawa mkuu wa majeshi yote ya Marekani, na mwaka 2001 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Hakika si kila mmoja hufika huko. Wengi hutumika miaka michache, kisha hutoka na kuingia katika makampuni na ofisi, na waajiri huwapenda kwa kuwa wamekwisha jifunza kuongoza watu. Lakini ona utaratibu wenyewe: kabla kijana hajavaa sare, anajua atatumika miaka mingapi, atalipwa nini, na atatoka na nini mkononi. Mlango umejengwa kabla ya kiwanja.

Sasa turudi kwetu. Huduma ya Vijana kwa Taifa ilianzishwa mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, ili kuwachukua vijana wasio na kazi na kuwapa nidhamu, riziki na ufundi. Aliyeiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini ni Geoffrey Griffin, mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa ofisa wa jeshi la wakoloni, akaliacha, na mwaka 1959 akawa miongoni mwa waanzilishi wa shule ya Starehe kwa ajili ya watoto wa mitaani. Katika mikono yake kwata ilikuwa ni mwanzo tu. Baada ya kwata kijana alifundishwa kuendesha trekta, kuchomea vyuma, kujenga, kulima, na akapelekwa kupasua barabara katika nchi kavu za kaskazini. Wako madereva na mafundi wengi waliolea jamaa zao kwa ufundi walioupata huko. Huu ni mfano wa magwanda yenye mlango nyuma yake.

Halafu likaja jambo la wasomi. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaonekana mabarabarani wakishangilia. Jaribio lilizimwa. Chuo kikafungwa kwa muda uliozidi mwaka, na baadhi ya wanafunzi wakatiwa gerezani. Mwaka 1984 ikaamriwa kwamba kila aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu cha serikali apitie kwanza kambi za NYS kwa muda wa miezi mitatu hivi. Tuliambiwa kwamba ni kwa ajili ya nidhamu, uzalendo, na kuwakutanisha vijana wa kila kabila. Hapana ubaya katika maneno hayo. Lakini kila mtu alijua kwamba amri ile ilizaliwa na hofu ya mwaka 1982. Mwaka 1990 mpango ukakomeshwa.

Je, uliacha nini? Waliopitia huko, nikiwasikiliza, husimulia mbio za alfajiri, uji wa kambini, malengelenge ya mabuti, na marafiki. Hasa marafiki. Mtoto wa Lamu alilala kitanda kimoja kando ya mtoto wa Kakamega na mtoto wa Meru, na wengi wao urafiki ule haukukatika. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1984 alitimiza miaka 60 mwaka 2024, umri wa kustaafu katika utumishi wa serikali. Maana yake ni kwamba kizazi kile kimeshika ofisi za nchi hii kwa miaka mingi, na ndicho sasa kinachoziaga. Katika ofisi hizo, kujuana kwa kambini kumefungua milango mingi kuliko kwata yenyewe. Hiyo ni faida, tusiikatae.

Lakini kama lengo lilikuwa kuwafanya wasomi wanyamaze, halikutimia. Miaka ya 1990, vuguvugu la vyama vingi lilipopamba moto, wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa mbele tena. Na kama lengo lilikuwa kuwapa kitu cha kuwafaa maishani, walipewa nusu. Walifundishwa kutii, hawakufundishwa kuongoza. Hawakupewa cheo, wala ufundi, wala njia ya kurudi jeshini kama maofisa kwa atakaye. Walipiga kwata, wakapewa cheti, wakaenda darasani. Kiwanja kilikuwapo, mlango haukuwapo.

Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mwendo mwingine, nao una mafunzo yake. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1966 serikali ikataka wasomi nao walitumikie kwa lazima, tena kwa kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mjini Dar es Salaam kupinga, wengine wakithubutu kusema kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, ili isisemwe kwamba anawataka vijana wajinyime naye asijinyime. Mmoja wa waliofukuzwa siku zile alikuwa Samuel Sitta, ambaye baadaye alirudi, akasoma sheria, na mwaka 2005 akawa Spika wa Bunge. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba aliyekataa magwanda ndio mwisho wake.

Upande wa pili yuko mtu wa kwetu, wa mwambao, Jakaya Kikwete wa Msoga, Bagamoyo. Alihitimu uchumi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akaingia kazi ya chama, kisha akaenda Monduli kusomea uofisa katika miaka ya 1976 na 1977. Baadaye alirudi hapo hapo Monduli kama mkufunzi na kamisaa wa siasa. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, ilibidi kila mwanajeshi achague baina ya jeshi na siasa. Kikwete alivua magwanda akiwa Luteni Kanali, akabaki katika siasa, na mwaka 2005 akawa Rais. Abdulrahman Kinana, naye Kanali mstaafu, alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki tangu mwaka 2001, na baadaye Katibu Mkuu wa chama tawala.

Tukiwatazama watu hawa tutasema: ona, uofisa umewapandisha. Lakini tuangalie na zama zao. Wakati ule chama, jeshi na serikali vilikuwa nyumba moja yenye vyumba vitatu. Msomi aliyepitia Monduli alitoka chumba kimoja akaingia kingine bila kutoka nje. Tangu mwaka 1992 pamejengwa ukuta. Mafunzo yale yale, kiwanja kile kile, lakini leo hayampeleki mtu pale yalipompeleka Kikwete. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kila chombo huundwa kwa bahari ya wakati wake.

Ushahidi ni wa karibuni. Utaratibu wa lazima ulisitishwa Tanzania katika miaka ya 1990, ukarudishwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita, na baadhi ya wabunge vijana wakaenda kambini kuonyesha mfano. Pamoja nao wako wanaojitolea kwa muda mrefu zaidi, wengi wao wakiwa na tumaini moja tu: kuajiriwa jeshini au polisi. Mwaka 2021 vijana zaidi ya 800 wa kujitolea waliondolewa makambini baada ya kugoma na kudai ajira waliyoamini wameahidiwa. Jeshi lilisema huo ni utovu wa nidhamu, na jeshi haliwezi kusema vinginevyo. Lakini sisi wazazi tujiulize: kijana aliyekubali jua, matope na jembe miaka miwili, akakuta mwisho wa kiwanja hapana mlango, tumwite mtovu wa nidhamu na tuishie hapo?

Hapa Kenya viongozi wetu nao wameanza kusema kwamba sehemu kubwa ya watakaoajiriwa katika majeshi na polisi itoke NYS. Ni neno jema, na lina hatari yake. Neno likitoka jukwaani hugeuka ahadi masikioni mwa maskini. Bora serikali iseme waziwazi kila mwaka: wamechukuliwa wangapi, kutoka wapi, na waliobaki wamepewa ufundi gani. Pasipo uwazi, walaghai huingia. Kila msimu wa kuandikisha makuruta jeshi lenyewe huwaonya wazazi dhidi ya matapeli wanaouza barua bandia za kuitwa kambini. Na kila msimu hupatikana wazazi waliouza shamba au ng'ombe, na kijana akafika langoni na barua isiyo na maana, akaishia mikononi mwa polisi badala ya kiwanjani. Kwa watu wetu wa Pwani, ambao ardhi ndiyo kilio chao cha miaka yote, kuuza kipande kilichobaki kwa ajili ya karatasi ya uongo ni msiba juu ya msiba.

Liko jambo jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Mafunzo haya yakimkaa mtu vibaya, humharibu kwa kazi ya raia. Wakuu wa tarafa wetu, wengi wao watu wa shahada, hupitishwa katika mafunzo ya kijeshi kabla ya kwenda kutawala. Wako waliotoka huko wakiwa hodari, wenye kuhifadhi wakati na kutimiza neno. Na wako waliotoka wakidhani mzee wa kijiji ni kuruta. Ofisi ya raia huendeshwa kwa shauri, na sisi Waislamu twajua uzito wa neno shura. Jeshini mkubwa akisema, limesemwa. Barazani mkubwa husikiliza kwanza. Msomi aendaye kambini ajue kwamba siku ya kuvua magwanda atatakiwa avue na sauti ile.

Nije kwetu sasa. Twalalamika kwamba watoto wa Pwani ni wachache katika vyeo vya juu, na hapo hapo twawafungia mlango nyumbani kabla serikali haijawafungia. Hofu zetu nyingine ni za haki. Mzazi ataka kujua kama mwanawe ataswali kwa wakati, atafunga Ramadhani, atakula cha halali, na kama binti yake atasitiriwa. Haya si mambo ya kudharauliwa, na kambi yoyote itakayo vijana wa taifa zima ni lazima iyaweke katika utaratibu wake, yasiachwe kwa hisani ya sajini. Lakini tusiseme pia kwamba huko hakuna Mwislamu. Jenerali Mahmoud Mohamed, aliyewaongoza askari walioirudisha Sauti ya Kenya mikononi mwa serikali mwaka 1982, alikuwa Mkuu wa Majeshi tangu mwaka 1986 hata mwaka 1996. Na jeshi letu huwachukua maimamu wakawa maofisa, wavae nyota mabegani na wasimamie dini ya askari. Kituo kikuu cha jeshi la wanamaji kiko Mtongwe, mlangoni petu. Watoto wetu wanaijua bahari tangu hawajajua kusoma. Ni ajabu kuyaacha maji yetu yalindwe na watu waliojifunza kuogelea ukubwani.

Basi kwa mama wa Likoni na wenziwe nasema hivi. Msimzuie mtoto kwa sababu ya saluti. Saluti ni adabu ya mahali pale, kama vile kuvua viatu ni adabu ya msikitini. Wala msimsukume kwa sababu ya njaa tu, maana mwenye kwenda kambini kwa njaa peke yake hurudi na njaa na mabuti. Muulizeni mambo matatu. Aendako atafundishwa kuongoza au kutii tu? Akitoka atakuwa na ufundi au shahada itakayotambulika uraiani? Na mwisho wa mafunzo kuna kazi iliyoandikwa, au kuna maneno ya jukwaani? Akijibu vizuri, mpeni radhi zenu aende. Asipoweza kujibu, akatafute majibu kwanza.

Kwa serikali neno langu ni fupi zaidi. Msomi si mkaidi wa kunyooshwa, wala si mzigo wa kuhifadhiwa kambini mpaka umri umpite. Nchi itakayo kumpa magwanda kijana mwenye shahada, impe pamoja nayo dhamana na njia. Lanet hutoa maofisa wazuri kila mwaka, lakini nafasi zake ni chache, na wanaobisha hodi ni wengi mno. Wale watakaobaki nje ya lango ndio wengi, na ndio ninaowaona hapa Baba Dogo kila alfajiri mbele ya viwanda, shahada zikiwa ndani ya bahasha. Hesabu ya mafunzo yoyote ya kijeshi kwa wasomi ianze kwao. Gwaride hupendeza macho kwa saa moja. Maisha ya kijana yana miaka arobaini mbele yake baada ya bendi kunyamaza.